Lydia wa Ihumwa na Vyungu Vilivyokataa Rangi

Marehemu Lydia alizaliwa Ihumwa mwaka 1874, mtoto wa pili wa mama mfinyanzi. Kwao mtoto hupakwa samli akizaliwa. Mama yake alivipaka na vyungu, akisema navyo vimetoka tumboni mwa ardhi.

Kusoma alijifunza ukubwani, Mpwapwa, katika darasa la ubatizo. Herufi alizishika, kutulia kitini hakujaliwa.

Mwaka 1893 aliolewa na Yoramu, mpagazi. Mungu hakuwajalia mtoto aliyeishi. Mwaka 1899 Yoramu alijitwika mzigo wa kwenda Tabora, akasema, "Mtama ukiiva nitakuwa nimerudi." Hakurudi. Upweke ulimuuma Lydia, tusifiche. Akifika mlangoni kwake aliamkia, "Mbukwenyi," salamu ya kuamkia watu wengi, hali ndani hamna mtu. Tulimcheka.

Mwaka 1906 alipata kazi katika karakana ya ufinyanzi ya misheni, na huko ndiko alikopata watu wa kuongea nao. Fundi mkuu alitaka vyungu vipakwe rangi ya kioo, ile inayoyeyukia tanuuni, yenye chengachenga, ikwaruze mkono kama ngozi ya kenge. Vya wenzake vilishika. Vya Lydia vilitoka tanuuni rangi imejikunyata na kubanduka magamba. Alipunguza maji, akabadili kuni, akachekecha udongo upya, wapi. Fundi akamwambia vikikataa tena arudi kwao. Arudi kwa nani?

Wiki ile aliumwa mkono, rafiki yake Swaumu wa Kondoa akampakia. Rangi ikashika kama ukucha na kidole.

"Umefanyaje?" aliuliza Lydia.

"Kama wewe tu, dada. Ila samli sikupaka."

Kumbe kabla ya rangi Lydia alikuwa akivipaka vyungu vyake vyote samli, kama mama yake. Akaacha, na kazi ikabaki yake, lakini alilia kwamba anawatoa watoto uchi. Kila tanuu lilipowashwa alikipaka samli kimoja tu, akijua kitaharibika, akakibeba nyumbani.

Homa ya mapafu ilimlaza Januari 1913. Alifariki tarehe 9 Machi, alfajiri, mkono wake ukiwa mkononi mwa Swaumu. Ameacha kaka mmoja, Gideoni, na rafiki huyo.

Tulipoingia nyumbani kwake kutafuta nguo ya kumvika, tulikuta vyungu vilivyobanduka rangi vimepangwa ukutani, vimepanguswa vumbi, vyote midomo ikielekea mlangoni. Gideoni, aliyemcheka kuliko sote, alivua kofia.

"Mbukwenyi," akasema.

Bwana amlaze pema, na huko aendako salamu yake iitikiwe.