Mwenyekiti Ampisha Dada Yake

Ijumaa, tarehe 28 Juni, Mwenyekiti wetu anastaafu baada ya miaka ishirini na moja katika bodi ya shirika letu la kufundisha watu wazima kusoma na kuandika. Kipindi chake kilikuwa bado na miaka miwili mbele. Hajafukuzwa, hajagombana na mtu, na afya yake ni nzuri kuliko ya wengi wetu tunaomuaga. Anaondoka kwa ajili ya dada yake mkubwa. Na kwa kuwa maneno yameshaanza kuzunguka mtaani, mimi katibu wake nimeonelea niyaandike yalivyo, kabla hayajatiwa chumvi na watu wenye mikono mizito kuliko yangu.

Kwa kazi ni kinyozi, tena kinyozi wa mkasi na wembe, si wa mashine tu. Duka lake liko chini, darasa letu liko juu yake, na kati yetu kuna ngazi nyembamba ambazo wanene wawili hawapishani. Kabla hajatufahamu, alikuwa na wateja wenye tabia moja ya ajabu. Wakishakaa kitini wanamkabidhi simu, wanamwomba awasomee ujumbe, eti macho yana povu. Wengine povu liliwaingia machoni hata kabla hajafungua sabuni. Akafikiri, akaelewa, na siku moja akapanda kutuuliza kama tuna nafasi. Tulikuwa nazo, tena za kumwaga. Tangu hapo mtu akienda kunyolewa pale hakuwa na uhakika atatokaje. Wapo waliopandishwa juu na nusu ya ndevu ili wajiandikishe kwanza, ndipo wakarudishwa chini kumaliziwa upande wa pili. Bodi ilimkaribisha ili ipate sauti ya mtaa na pia, tuseme ukweli, ili tuweze kumdhibiti. Hilo la pili halikufanikiwa. Alipochaguliwa kuwa mwenyekiti, wateja wakambandika jina la Viti Viwili, kimoja cha chini na kimoja cha juu, na mpaka leo hajakubali kutuambia anakipenda kipi zaidi.

Makosa tulifanya pamoja, na mengine aliyaongoza yeye. Mwaka wake wa kwanza tulitundika bango kubwa mlangoni, limeandikwa DARASA LA WASIOJUA KUSOMA, likitazamana na kituo cha mabasi. Rangi nyekundu aliichagua yeye. Wiki ile darasa likawa tupu. Wanafunzi wenyewe hawakuweza kulisoma, lakini majirani zao waliokuwa wakisubiri basi walilisoma vizuri sana. Alilishusha kwa mikono yake, akaligeuza, akaandika nyuma neno moja tu: OFISI. Lipo mpaka leo. Ndiyo maana fundi bomba, muuza mboga na mlinzi wa benki wakiulizwa jioni wanakwenda wapi wamependeza hivyo, wanajibu bila kupepesa macho kwamba wanakwenda ofisini.

Jambo lake jingine, lililotuchosha kabla halijatufurahisha, ni kumbukumbu za mkutano. Katika bodi nyingine kumbukumbu husomwa na katibu, harakaharaka, huku wajumbe wakiulizana habari za nyumbani. Kwetu husomwa na mwanafunzi anayekaribia kumaliza. Anakaa mezani pamoja na bodi, anasoma tulichokisema mkutano uliopita, na hakuna ruhusa ya kumsaidia hata neno moja mpaka yeye mwenyewe ainue kidole. Asipoinua, tunangoja. Mweka hazina wetu alikuwa akiitazama saa ya ukutani mpaka ikaona haya. Lakini faida tuliiona. Ukijua kwamba maneno yako yatasomwa silabi kwa silabi mbele ya watu, unajifunza kusema machache, na mikutano ikafupika kwa sababu ya kitu kilekile kilichoirefusha.

Aliyeshindwa na utaratibu huo ni Mwenyekiti mwenyewe. Sauti hakutoa, ila mwanafunzi akikwama ungeiona midomo ya Mwenyekiti ikilitengeneza lile neno kimyakimya, kama mama anayemlisha mtoto huku akifungua kinywa chake mwenyewe. Tukamhamishia nyuma ya msomaji ili asionekane. Akaanza kukohoa.

Halafu kuna ile kanuni. Kadiri alivyotuletea watu, nafasi zikawa chache na foleni ndefu, ikafika mahali mtaa ukaamini kwamba kama huna mjomba kwenye bodi hupati kiti. Hawakukosea sana, maana mjumbe mmoja wa zamani alishajaza safu nzima ya mbele kwa shemeji zake. Mwenyekiti akatoa hoja kwamba mjumbe wa bodi asiwe na ndugu darasani, wa damu wala wa ndoa, kwa muda wote atakaokuwa mjumbe. Tukapiga makofi. Akaigongomelea ukutani, juu ya meza ya kuandikishia, kila mtu aione. Wa kwanza kuangukiwa nayo alikuwa mama mkwe wa mweka hazina, aliyefika na viatu vipya na kurudishwa nyumbani kwa heshima zote. Mweka hazina anasema kwake hakukukalika msimu mzima. Lakini foleni ilinyooka, na watu wakaanza kutuamini.

Sasa tuje kwa dada. Mama yao alifariki Mwenyekiti akiwa mdogo, na dada, ambaye shule alikuwa hata hajaizoea, aliiacha akaanza kufua nguo za watu. Kwa mikono hiyo alimlea mdogo wake, akamsomesha mpaka mwisho, kisha akampeleka kujifunza ufundi. Hayo Mwenyekiti huyasema popote, hata kwa mteja aliyekuja kupunguza sharubu tu. Ambacho hakukijua ni kwamba dada hakurudi tena kwenye herufi. Yeye alisema alijifunza kidogokidogo mwenyewe, na nani angebishana naye? Ukimpa kitu asome, basi miwani imepotea. Mdogo wake akamnunulia miwani. Ikapotea, akanunua mingine. Mara ya mwisho alimnunulia yenye kamba ya kuning'iniza shingoni. Na huyu ndiye mtu ambaye kila mwaka huwafundisha walimu wetu wapya dalili za mtu anayeficha kwamba hajui kusoma, na dalili ya kwanza, huku ameinua kidole, ni mtu ambaye miwani yake haipatikani kamwe. Tumemtania kwa hilo mpaka amezoea, na hatuna mpango wa kuacha.

Machi mwaka huu, siku ya uandikishaji, nilikuwa nimekaa naye mezani. Foleni ilikuwa imeshuka ngazi hadi dukani kwake. Akatokea dada, mkoba kwapani, akasimama kwenye mstari kama wengine. Zamu yake ilipofika, Mwenyekiti alinyoosha mkono apokee funguo, akidhani yeye mwenyewe amezisahau nyumbani kwa dada. Dada akamwambia hakuleta funguo, ameleta jina lake liandikwe. Akaeleza mbele ya watu wote, bila kuinamisha uso, kwamba wanawe wako mbali na humwandikia kwenye simu, na anayemsomea ni mpangaji wake, na amechoka mpangaji kuzijua habari za nyumba yake kabla ya yeye mwenye nyumba. Macho yake hayana tatizo, akasema, wala hayajawahi kuwa nalo. Miwani yote iko kabatini.

Mwenyekiti alikuwa na kalamu mkononi na haikuandika. Dada akauliza kuna nini. Mwenyekiti akaonyesha ukutani kwa kidole, kisha akakumbuka kwamba kidole hakitasaidia, ikabidi asimame amsomee. Alimsomea kanuni yake mwenyewe, kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho, na sauti ikawa inapungua kadiri alivyoendelea. Dada alisikiliza mpaka akamaliza, kisha akasema maneno ambayo nayaandika kama yalivyo.

"Nilikungoja umalize shule. Nikakungoja umalize ufundi. Sasa nikungoje na bodi?"

Akashuka zake ngazi, watu wakabana ukutani kumpisha. Mimi sitaficha, nililia palepale, na mtu aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni alinitajia jina lake mara tatu kabla sijalisikia.

Darasa jingine la jioni liko ng'ambo ya mji, na magoti ya dada hayataki mabasi mawili. Kwa hiyo Mwenyekiti akaamua kumfundisha nyumbani. Shemeji yetu, mke wa Mwenyekiti, anasimulia kwamba dada alikuwa mwanafunzi hodari mpaka pale alipokosea. Hapo hakukubali kusahihishwa na mtu aliyemfuta makamasi, na kila aliposahihishwa alimkumbusha mwalimu wake habari za magodoro aliyolowesha. Masomo yalifika herufi M yakavunjika. Wote wawili walirudi utotoni, tena kwa kelele, na wifi mtu akaacha sufuria jikoni akaja kuwaamua.

Kwenye mkutano uliofuata, mweka hazina, huyohuyo wa mama mkwe, ndiye aliyeomba kanuni ifutwe. Sote tukaunga mkono. Mwenyekiti akakataa katakata. Mama mkwe wa mwenzake alirudishwa nyumbani kwa kanuni hii, akasema, na yeye hawezi kuifuta siku ilipobisha hodi kwake. Tukamwambia basi tuilegeze kwa muda. Akakataa. Tukamwambia dada ni mtu mzima, ataelewa, miaka miwili si mingi. Akatujibu kwamba dada amekuwa akielewa maisha yake yote na kwamba inatosha. Kisha akavua ile tai aliyokuwa akiivaa kwa mikutano tu, akaikunja, akaiweka mezani, akaomba mjumbe yeyote atoe hoja ya yeye kustaafu. Kila mtu akawa anaangalia kalamu yake. Mwishowe aliitoa mweka hazina, kwa sauti ya mtu anayeng'olewa jino. Nasikia mama mkwe wake amepata habari hizi na ameanza kumuuliza kwa upole yeye atastaafu lini.

Kwa hiyo, ndugu zetu, ndivyo ilivyo. Anatuachia darasa lililojaa, foleni iliyonyooka na bango linalosema OFISI. Anatuachia mlinzi wa benki ambaye zamani aliwahi kushika gazeti kichwa chini miguu juu zamu nzima, na siku hizi humsimulia meneja habari za ukurasa wa nyuma. Anatuachia meza na viti vya watu wazima, baada ya kupigania viondolewe vile tulivyopewa na shule ya chekechea, ambavyo vilimkwamisha fundi bomba magoti akainuka na meza yake. Shemeji, asante kwa kutuazima mumeo jioni zote hizo. Tunamrudisha akiwa na mvi zilizoongezeka kidogo, nyingine tumezichangia sisi.

Uandikishaji mpya ni Jumamosi asubuhi, siku moja baada ya yeye kustaafu. Dada hatujamtengea kiti. Atapanga foleni kama kila mtu, ingawa kwa jinsi anavyoamka mapema, hatuna wasiwasi naye. Ameshawatangazia majirani, akaanza na mpangaji, kwamba kuanzia Jumatatu jioni asitafutwe nyumbani, atakuwa ofisini.

Limebaki jambo moja, ambalo bodi ilikubaliana Mwenyekiti alipotoka nje kuosha uso. Kumbukumbu za mkutano ule, zenye hoja ya kustaafu kwake, bado hazijasomwa wala kuthibitishwa. Sitazisoma mimi, na hatasoma mwanafunzi yeyote wa sasa. Zinamngoja dada. Siku atakapokuwa tayari atakaa mezani pamoja nasi, atusomee jinsi mdogo wake alivyompisha. Mwenyekiti amealikwa siku hiyo kama mgeni. Kiti chake kitakuwa nyuma ya msomaji, midomo aifunge, na kikohozi akiache nyumbani. Dada akikwama kwenye neno na asipoinua kidole, tutakaa kimya wote, hata mweka hazina, mpaka alipate mwenyewe.

Ahsante kwa yote, Viti Viwili. Kimoja umekiacha, kile cha chini bado ni chako, na sisi tutaendelea kushuka kukatwa nywele na kukusengenya mbele yako. Tunakutakia afya njema, wateja wenye nywele nyingi, na subira ya kumngoja dada yako kama yeye alivyokungoja.