Mama Chupa na Madumu ya Foleni

Thelathini na moja, ndiyo, hujasikia vibaya. Miaka thelathini na moja mama huyu amepima maji katika idara ya maji, na Ijumaa tarehe thelathini anastaafu, anakabidhi funguo za maabara. Wenye vyeti walipoombwa waandike maneno ya kumuaga walisema wamebanwa na kazi, nikabaki mimi, msukuma mkokoteni wa maji, niliyeishia darasa la nne. Ukikuta kosa, limeze tu. Kisimani umeshameza mabaya zaidi.

Sisi wa mtaa wa mpakani tunamwita Mama Chupa. Alikuwa anakuja na chupa zake kwenye sanduku la barafu, anachota kisimani, anaondoka. Wiki inayofuata analeta majibu, na hayakuwahi kuwa mazuri hata siku moja. Mimi alinitania: "Mwanangu, unauza kuhara kwa rejareja." Namjibu: "Sasa mama, bomba likija nitakula wapi?" Anacheka mpaka miwani inamdondoka.

Alitaka kitu kimoja: serikali itoe fedha, maji safi yafike kwetu. Fomu ikadai idadi ya kaya. Mtaa wetu hauna namba za nyumba, ila tuna desturi: tangu jioni kila nyumba inaacha dumu moja kisimani, kushika nafasi kwenye foleni. Mama Chupa akaona sensa si hiyo hapo! Akayahesabu: mia nne na kumi na mbili. Akajaza, akagonga muhuri.

Sasa nisikilizeni. Kumi na manne yalikuwa yangu, ya biashara. Wenzangu wa mikokoteni nao walipanga yao, na majirani wa ng'ambo ya mpaka, waliokaukiwa na kisima, walipanga yao. Nilimwona akihesabu. Nikanyamaza, nikidhani namba ikinenepa na fedha zitanenepa.

Wakaguzi wakaja, wakapiga hodi mlango kwa mlango, wakakuta kaya mia mbili na tisini. Maombi yakatupwa, tukaambiwa tungoje miaka mitatu. Mama Chupa akaitwa ajieleze. Angeweza kututaja. Aliandika mstari mmoja tu: kosa ni langu, nilihesabu vibaya. Cheo alichokuwa akikingoja akapewa mwingine.

Mwaka wa pili wa kungoja, kuhara kukapita mtaani. Kukachukua watoto watatu na bibi mmoja. Mtoto mmoja alikuwa mpwa wangu, kitinda mimba wa dada yangu, aliyekuwa akipanda mkokoteni wangu kama bwana harusi. Mama Chupa alikuja msibani bila sanduku lake. Alikaa mkekani na dada yangu tangu asubuhi mpaka watu wakatawanyika. Nikamvuta nyuma ya nyumba, nikamweleza habari ya madumu yangu.

"Nilishajua tangu wakaguzi waje, mwanangu," akasema. "Yako yote yalikuwa na kamba nyekundu." Kisha akaniomba maji ya kunawa.

Wiki ile ile tulianza kuzunguka, yeye na kalamu, mimi na chaki, tukiandika namba kila mlango. Namba hizo ndizo zilizoleta fedha mwaka huu. Bomba limefika shuleni. Kilomita mbili za kuja kwetu bado, faili lake liko mezani kwa mkuu wa idara linangoja sahihi, na mwaka wa serikali ukiisha fedha ambazo hazijatumika zinarudi Hazina. Kila Jumatatu Mama Chupa alikuwa akilifuatilia. Jumatatu ijayo atakuwa kwake, anakanda magoti.

Asante, mama. Umetubeba, na wengine tulikuwa wazito. Uwe na siku ndefu, usingizi mzito, na wajukuu wa kukusumbua.

Nawe unayesoma, njoo tufanye biashara. Mpaka mwaka wa serikali uishe kuna Jumatatu tisa. Chukua moja. Nenda ofisini, simama mbele ya ile meza, uliza faili la mpakani liko wapi, usitoke bila jibu. Mimi nakuletea madumu mawili ya maji kila siku, wiki nzima, hadi mlangoni, nimeyachemsha mwenyewe, hutoi hata senti. Jumatatu ya kwanza nimeshaichukua. Zimebaki nane.