Uzi wa Pili

Sogezeni viti, wanangu, na huyo aliyeegemea mlango aingie au atoke, maana sauti niliyobakiwa nayo haifiki hata dirishani. Msinikatize. Nyumba ni ya kitindamimba, aliyenibeba chooni miezi minne bila kukunja uso. Wewe mkubwa chukua kabati na saa ya ukutani. Imesimama siku nyingi haifanyi kazi, mtaelewana.

Limebaki gitaa. Najua mkubwa ameshalitafutia mnunuzi, basi aache kulitolea macho, kwa sababu ni la dada yenu. Mnaliita la mtoto kwa udogo wake na hamjui mnachosema. Fundi aliyelichonga alinikalisha kwenye kigoda, akanitazama vidole, akapima kutoka pajani hadi kwapani, ndipo akakata mbao. Mbao yake ya mbele ni nyembamba hivi kwamba ukikohoa karibu nayo inaitikia. Magitaa makubwa ya wenzangu wa bendi pale hotelini tulipokuwa tukipiga yalikuwa ya kelele tu. Hili langu lilizungumza, na watu waliacha kula wakasikiliza. Kwa miaka kumi na tisa niliwalisha na kuwavisha kwalo.

Sasa wewe, binti yangu. Ulikuwa na miaka tisa. Wimbo ulionitoa jasho miezi mitatu uliusikia mara moja tu ukikoroga uji, ukaja ukalipakata gitaa, ukaupiga wote, na baba yenu akafurahi mpaka akajifuta machozi. Mimi hakuwahi kunifurahia hivyo. Nilikuonea wivu, mwanangu, nimetafuta neno lililo zuri zaidi na sikulipata.

Tangu siku ile, kila nilipokupa gitaa nililegeza kwanza uzi wa pili, kidogo tu, kiasi ambacho jicho halioni. Ukaniambia, "Mama, uzi huu hauko sawa." Nikakujibu kwamba uzi hauna kosa, masikio yako ndiyo mabovu. Ukaniamini kwa kuwa nilikuwa mama yako. Wageni walipokunja nyuso ulidhani kosa ni lako, na mwalimu wa kwaya alikuita mara mbili ukakataa. Nimekuona ukiwalaza watoto wako kwa kuwapigapiga mgongo, kimya, hata kawimbo kamoja huwaimbii, nami nimekaa pembeni nakunywa chai yangu. Na wewe mkubwa usiinamishe kichwa. Ulinikuta mkono wangu uko kwenye ufunguo wa kukazia ule uzi, ukanyamaza, ukapata baiskeli.

Lia ukitaka, lakini sikiliza. Siombi msamaha, sikuzoea. Ninakurudishia kilicho chako. Lipakate hilo gitaa. Uzi wa pili nimeulegeza kabisa leo asubuhi, unaning'inia. Nyingine ziko sawasawa. Ukaze wewe mwenyewe, kwa sikio lako, nikusikie ukiuweka mahali pake, kisha niende zangu.

Polepole. Usiogope, hautakatika. Panda. Panda tena.

Mbona umeacha?

Hebu zipige zote kwa pamoja. Rudia. Tena.

Kitindamimba, niletee sikio lako hapa, karibu, wengine wasisikie. Ameusimamisha palepale. Palepale nilipokuwa nikiuweka mimi. Mtoto wa miaka tisa alijua kwamba uzi hauko sawa, na leo ni mtu mzima hajui tena, mtazame uso wake ulivyotulia. Nilidhani sikio lake nimelificha tu, kumbe nimelila. Usimwambie. Mtu yeyote asimrekebishe, si wewe, si mkubwa, si fundi. Niapie. Bonyeza mkono wangu, inatosha.

Maji kidogo. Basi.

Binti yangu, ni hapo. Umeupata mara ya kwanza, kama ulivyokuwa utotoni. Masikio yako ni mazima. Ukaimbe kwenye kwaya yao, ukae mstari wa mbele, na wakikugeukia, wewe imba tu.

Nigeuzeni upande wa ukutani. Mnizike kesho mapema, jua halijawa kali, na mkubwa asihutubie. Mungu awape pumzi ndefu kuliko hii yangu, awape na watoto mtakaoweza... mtakaoweza kuwafurahia.

Mbona kimya? Piga, mwanangu. Nakusikia. Uko sawa... uko sawa kabisa.