Vikombe vya Mbaha: Tunamuaga Kunigunda Ndunguru

Tarehe 30 Juni mwaka huu Bi. Kunigunda Ndunguru, msimamizi wetu wa ujenzi, anakabidhi kofia ngumu, timazi ya kupimia unyoofu wa kuta na ufunguo wa pikipiki, baada ya kuitumikia Taasisi ya Majengo ya Mwambao kwa miaka thelathini na miwili. Waliomzoea wanamwita Mama Timazi. Wasiomzoea wana majina mengine, na hayo hayaandikiki kwenye jarida la wafanyakazi.

Nimepewa kuandika wasifu huu mimi, Leopold Hyera, mtunza stoo, kwa sababu katika ofisi ya Mbinga hakuna aliyebaki aliyefanya naye kazi muda mrefu kuliko mimi. Mhariri ameniomba niwe mchangamfu na nisichokonoe mambo yaliyokwisha. Uchangamfu nitajitahidi. Hilo la pili tusameheane, maana mambo yenyewe hayajaisha.

Kunigunda alizaliwa Mkumbi, katika familia ya wakulima wa kahawa, akasomea uashi chuo cha ufundi darasa zima likiwa la wavulana. Siku aliyoripoti kazini, fundi mkuu wa wakati huo alimtazama juu hadi chini, akamwonyesha jiko na kumwambia maharage yako kwenye gunia. Kunigunda akaenda jikoni kweli. Akajipakulia chakula kilichokuwa tayari, akala akashiba, kisha akaanza kupanga tofali upande wa pili wa jengo lile lile alilokuwa akijenga yule mzee. Jioni wakashusha timazi kwenye kuta zote mbili. Habari za maharage hazikusikika tena.

Amejenga madarasa Mapera, nyumba za walimu huko mwambao, na vyoo vingi mno ambavyo hakuna mgeni rasmi aliyewahi kuja kuvizindua. Neno lake kubwa kazini lilikuwa moja: bomoa. Shemeji yake mwenyewe, Urbani, aliyekuwa fundi wake, alibomoleshwa ukuta mzima mbele ya mkewe, ambaye ni dada yake Kunigunda wa tumbo moja. Wakanuniana Krismasi yote. Ilipofika Pasaka Urbani akaja kumpigia magoti amjengee nyumba yake.

Sasa tuje Mbaha, kijiji cha kando ya ziwa, kwani huwezi kumuaga mtu huyu ukapita Mbaha kama hukuiona.

Pale palitakiwa nyumba ya kusubiria wajawazito, jirani na zahanati. Wanawake wa vitongoji vya mlimani wanatembea mbali kufika ziwani, na uchungu haumngoji mtu amalize mteremko. Nyumba hiyo ingewawezesha kushuka mapema, walale hapo, wasubiri siku yao wakiwa karibu na muuguzi. Msingi ulimwagwa, mabati yakaletwa, saruji ikajaa stoo yangu. Halafu ikaja korona.

Sitaki mtu aseme nadharau ugonjwa. Tulizika watu. Magari ya mizigo yalikuwa hayaeleweki, vifaa vikaadimika, mafundi wakarudi makwao, na waliobaki tuliwaza zaidi limau na tangawizi kuliko kazi. Watu wa mlimani walisema ugonjwa unaletwa na watu wa ziwani wanaopokea wageni wa mitumbwi. Watu wa ziwani nao wakasema unashuka na Wamatengo wa mlimani wanaotoka kwenye minada. Ukikohoa sokoni unaachiwa njia nzima. Shida hizo zilikuwa za kweli, na kila mjenzi wa nchi hii anazijua.

Lakini saruji ya Mbaha haikuugua korona! Ilikuwa stoo, kavu, imepangwa vizuri, nimeipanga mwenyewe. Siku moja likaja lori na agizo la mkurugenzi wetu wa wakati ule: pakieni. Ikapakiwa yote, ikapelekwa mbele zaidi mwambaoni, kwenye nyumba ya mapumziko ya wageni wa taasisi, yenye baraza pana la kutazamia ziwa. Huko mafundi walipatikana. Huko gari lilifika. Huko, kumbe, korona haikuijua njia. Nilipouliza, niliambiwa kazi yangu ni kutunza stoo na siyo kutunza wanawake wa watu.

Kwenye taarifa ya mwaka ikaandikwa kwamba mradi wa Mbaha umesimama kutokana na changamoto za UVIKO-19. Changamoto! Jamani, neno hili tumelibebesha mizigo mpaka mgongo umepinda. Mtu akichota kitu cha wenzake, changamoto. Akikaa bila kufanya kazi, changamoto. Mwaka jana tulitoa kitabu kizuri cha kumbukumbu ya taasisi, chenye picha za rangi, na sentensi ile ile imerudiwa humo neno kwa neno. Ndiyo maana nasema hayajaisha.

Wakati baraza la wageni likipigwa lipu, Edina, mkulima wa muhogo wa huko juu, alishikwa na uchungu njiani akishuka zahanati. Mama mkwe wake akamtandikia kanga kwenye majani. Mtoto hakuishi. Ule msingi wetu wa nyumba ya kusubiria ulikuwa pale pale chini, umeota nyasi, mbuzi wanalala.

Kunigunda alikwenda msibani. Aliporudi hakupitia ofisini. Alipanda pikipiki moja kwa moja hadi Mkumbi, akaitisha ngokela.

Kwa wasiotoka kwetu, ngokela ni kazi ya kualikana: unapika pombe, ndugu na majirani wanakuja na majembe, wanalima, mnakunywa pamoja. Ni ya shamba. Kuitisha ngokela ya nyumba ya zahanati, tena ya watu wa ziwani, hakuna aliyewahi kusikia. Alikwenda nyumba kwa nyumba akiwaambia kwamba binti zao wameolewa kwenye vitongoji vya juu ya Mbaha, na wajukuu watakaofia njiani ni wa kwao pia. Wakashuka. Watu wa Mbaha nao wakaja na mchanga na udongo, wakasimama mbali, barakoa za vitenge usoni, kila upande ukiuangalia mwingine kama unaudai.

Hapo Kunigunda akakosea, na akakosea vibaya. Kwa nia njema ya kuzuia maambukizi, alitangaza kila mtu aje na kikombe chake. Sasa pombe ya ngokela hunywewa kikombe kimoja kinachozunguka mkono kwa mkono. Anayekuja na chake amesema, bila kufungua mdomo, kwamba anaogopa mwenzake kumwekea kitu. Watu walikuwa tayari wanashukiana ugonjwa. Kuambiwa vile ilikuwa kama kumwagia mafuta ya taa kwenye moto. Mzee Tadei wa Mkumbi alisema hajawahi kutukanwa hivyo tangu azaliwe, akabeba jembe lake. Wa ziwani wakauliza kwani wao ni wachawi? Hata adhuhuri haijafika, kiwanja kikabaki cheupe.

Asubuhi iliyofuata waliokuja kuchukua vifaa vyao walimkuta ameshafika. Alikuwa ameisimamisha fremu ya mlango peke yake na kuikazia kwa miti, amepigilia msumari, na kwenye msumari amening'iniza kikombe cha bati chenye kutu ukingoni. Akawaambia kikombe kile si chake tena. Ni cha mama atakayelala humu. Yeye anakinywea tu kwa muda, mpaka mwenyewe aje. Mwenye kutaka kuipa nyumba hii kikombe, akilete, akitumie kazini, siku ya mwisho akiache.

Mzee Tadei, aliyekuwa amefuata ndoo yake, aligeuka akapanda mlima. Wengi walidhani ameondoka moja kwa moja. Akarudi na vikombe viwili, kimoja cha marehemu mkewe.

Basi wakajenga. Saruji hakuna, wakapanga tofali za kuchoma kwa udongo. Mkanda wa zege wa kufunga kuta juu hakuna, wakafunga magogo ya milingoti, yaani mikaratusi. Mama Timazi alibomolesha kona mbili, na hakuna aliyenuna. Mabati niliyatoa mimi stoo kabla nayo hayajapatiwa safari. Mvua za kwanza zilikuta paa liko juu, na ndani ukuta mzima umejaa vikombe kwenye misumari, vimekwaruzwa majina ya waliovileta.

Mkurugenzi alikuja kukata utepe. Alihutubia kuhusu ubunifu wa menejimenti katika kipindi cha changamoto, akapigiwa makofi. Kunigunda alikuwa nyuma ya nyumba anashindilia udongo wa baraza. Baadaye bwana yule alihamishwa, kwa cheo kikubwa zaidi, wala msiniulize. Ile nyumba ya mapumziko haijaisha mpaka leo. Analala humo mlinzi, pamoja na popo. Edina alishuka tena mwaka uliofuata, akasubiri siku yake kwenye nyumba ya udongo, akazaa msichana. Anaitwa Tereza, na ana mdomo balaa.

Kwa hiyo ndugu mhariri, kitabu cha kumbukumbu kitakapochapwa tena naomba kisomeke hivi: mradi wa Mbaha ulisimamishwa na mtu, ukasimama tena kwa mikono ya watu, na aliyewaita ni Kunigunda Ndunguru. Ukiona sentensi hiyo ni kali, iache hivyo hivyo.

Dada Kunigunda, asante. Asante kwa kuta zilizonyooka na kwa zile ulizotubomolea. Kahawa yako ya Mkumbi izae mpaka matawi yainame, magoti yakupe nafuu, na Urbani asikuletee ramani nyingine. Uishi vyema, tena kwa raha.

Zawadi hatuna. Kamati ya kukuaga ilikuwa imekataa saa ya ukutani, ikamtuma dereva Ignatio akakichukue kule Mbaha kile kikombe chako cha kwanza, tukifunge kwenye karatasi ya kumeremeta tukukabidhi siku ya kukuaga mbele ya watu. Amerudi mikono mitupu. Muuguzi amemkatalia katakata. Anasema kuna mama ameshuka kutoka mlimani juzi, anakinywea uji.