Kanda ya Afande Ocira

"Dada Santina, nimesafisha deki ya kuchezea kanda, nimebadilisha waya, hata diski ya nje nimenunua mpya," Wasim, fundi wa video, alilalamika kwenye teksi ya kutoka Ggaba. "Kunakili kunakatika palepale, dakika ya kumi na mbili."

Kwenye kiti cha nyuma, Aciro, abiria asiyewajua, aliacha kujifanya anasoma simu.

"Hapo marehemu baba anamwamuru mpiga picha azime kamera," Santina alisema. "Alikuwa mwanajeshi. Kwetu Kiswahili kilikuwa cha amri tu. Jaribu tena."

"Nimejaribu mara tatu. Mbili za kwanza alisema, 'Zima!'"

"Na ya tatu?"

Teksi ilisimama Kabalagala. Aciro alipaswa kushuka hapo, lakini hakunyanyuka.

"Ya tatu alinigeukia," Wasim alinong'ona. "Akasema, 'Wasim, zima.'"