Kamba ya Kumzungushia Sili

Fundi wa mashua alikuwa akifunga vitambaa vyekundu kwenye kamba aliyoilaza mapajani. Mama aliyeketi kando yake basini akamwuliza ni ya nini.

"Ya kumzungushia sili, mama, watu wasimkaribie. Yule mnyama wa bahari za barafu aliyetupwa ufukweni juzi."

"Si mmrudishe tu majini?"

"Tumemsukuma mara tatu, anarudi. Leo daktari wa mifugo ametugombeza. Kumbe amechoka, anataka kulala, na sisi tunamfukuza tukidhani tunamsaidia."

Mama akavigusa vile vitambaa kimoja kimoja. Nami nilivihesabu kutoka kiti cha nyuma yao, kwa kuwa sikuwa na kazi nyingine.

"Mwanangu yuko huko kwenye barafu," akasema. "Mpishi melini. Alikuja mara moja, na siku ya pili tu nikamwuliza anarudi lini kazini. Nilihofia kazi isije ikampotea. Mwaka wa sita huu hajaja tena."

"Mpigie simu. Mwambie aje alale."

"Wewe nawe! Mtu mzima na ndevu zake aambiwe aje kulala?"

"Sili ana kilo mia mbili, mama, na analala."

Akacheka kidogo, kisha akavuta ncha ya kamba na kuanza kufunga naye. "Na akiamka, ataondoka siku hiyohiyo?"

"Hilo daktari hakusema."

Basi likasimama mwisho wa njia. Nusu ya kamba ilikuwa bado tupu. Fundi akaanza kuikunja, akisema atamalizia kesho, lakini mama alikuwa hajaiachia ncha yake.