Fundi Haydn Probert, Aliyekaguliwa kwa Kificho

Wasikilizaji wapendwa, habari za jioni. Sogezeni viti. Mwenye birika jikoni aache lichemke, akinikosa shauri yake. Ni mimi Beti Wyn, kwenye redio ya bonde letu, na jioni hii tunamkumbuka Haydn Probert, fundi umeme, aliyetutoka Jumanne akiwa na miaka sabini na minane. Amefia kitandani kwake, hakuteseka, na mkewe Menna alikuwa amemshika mkono. Tuanze kwa kushukuru hilo.

Haydn Probert. Narudia jina kwa ajili ya wanaowasha redio sasa hivi. Wengi mlimjua kama Haydn Waya. Kama umewahi kubonyeza swichi bondeni humu na taa ikawaka, huenda mkono wake ulipita hapo. Alipenda chai yenye sukari ya kusimamisha kijiko, na alikuwa mbishi. Marehemu hasemwi vibaya, najua, lakini nikiwaambia Haydn alikuwa mpole mtazima redio.

Alianzia kwenye mgodi wa makaa ya mawe, fundi umeme chini ya ardhi. Ukaja ule mgomo mkubwa, mwaka mzima. Haydn hakuuvunja. Shikeni hilo: hakuuvunja. Alikula viazi vya watu, akachoma viti vya babu yake apate moto, na akarudi kazini siku ile mgomo ulipoisha, tuliporudi sote nyuma ya bendi.

Kaka yake, Wyndham, alirudi wiki mbili kabla. Wiki mbili tu, jamani! Basi la kwenda mgodini lilikuwa na wavu madirishani wa kuzuia mawe. Wyndham akalipanda mchana kweupe, bonde zima likimzomea, na aliyezomea kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa mdogo wake wa tumbo moja.

Tangu siku hiyo Haydn hakumsalimia. Walikaa mitaa miwili tu mbali. Mama yao alipozikwa, mmoja alisimama upande huu wa kaburi, mwingine upande ule. Nilimtembelea Menna juzi, akanisimulia hivi:

"Nilimwambia, 'Haydn, yule ni kaka yako.' Akasema, 'Sina kaka, Menna. Nipe chumvi.' Ikawa hivyo kila nikimtaja. Chumvi! Mtu hata supu hajaionja."

Miaka ishirini hiyo, wasikilizaji. Miaka ishirini bila salamu.

Mgodi ukafungwa, Haydn akaingia kwenye nyumba za watu. Akafunga nyaya, soketi, majiko. Mambo yakaenda vizuri hadi mwaka wa elfu mbili na tano, ilipokuja ile sheria mpya ya umeme wa majumbani. Fundi alikuwa na njia mbili. Ya kwanza, ujiunge na mpango wa mafundi waliothibitishwa: mkaguzi anakuja, anatazama kazi zako, ukifaulu unatoa cheti mwenyewe. Ya pili, usijiunge, na kila kazi kubwa uiripoti kwanza halmashauri, ungoje waje waikague wao.

Mafundi wetu walikasirika, we acha tu! Wakakutana kwenye klabu ya raga. Tecwyn Rosser, mnamjua Tecwyn, akapanda juu ya kigoda.

"Mimi nimefunga nyaya tangu huyo mkaguzi hajaota meno!" akasema. "Aje anipime nini? Homa?"

"Akupime kitambi!" mtu akamjibu kutoka nyuma.

Walicheka, kisha wakapiga kura kama tunavyopiga hapa, kwa kuinua mkono. Hakuna atakayejiunga. Hata mmoja. Mkono wa kwanza kupanda ulikuwa wa Haydn. Na nyie ni watu wa hapa, mnajua mkono ulioinuliwa ni kiapo.

Basi, kazi zikaanza kupotea. Watu waliokuwa wakiuza nyumba wakaulizwa vyeti na wanasheria. Wateja wa zamani wakampigia kwa aibu: "Haydn, usinichukie, nimempata fundi kutoka mjini Cardiff." Magari ya mafundi wageni yakaanza kupanda bonde asubuhi na kushuka jioni. Haydn akabaki jikoni.

"Alitengeneza birika letu mara tatu," Menna anasema. "Halikuwa bovu hata mara moja. Nikamwambia, kajiunge, mume wangu. Akaniangalia kama nimemtukana. Akasema, 'Nikijiunga nitakuwa kama yeye.' Jina hakulitaja. Nikamjibu, 'Basi utakuwa kama yeye, na tutakula.'"

Hapo ndipo palipomkaba, wasikilizaji. Ukaguzi hakuuogopa, kazi aliijua. Aliogopa neno moja: msaliti. Neno lile lile alilompigia kaka yake kelele barabarani. Akijiunga, amevunja kura. Asipojiunga, kazi yake imekufa. Alikonda mtu yule, hadi suruali ikawa inashikiliwa na mkanda na maombi.

Mwishowe akajiunga. Kwa siri! Menna akaagizwa aseme mume wake kaenda kung'oa jino. Mkaguzi akaombwa asivae kitambulisho, na asifike nyumbani, amsubiri nyuma ya makaburi.

Mkaguzi alikuwa mama mmoja mrefu kutoka Bristol, Bi Pickering. Haydn akampeleka kwenye nyumba aliyoifunga nyaya upya, juu kabisa kilimani, mbali na macho. Yule mama akafungua kisanduku cha fyuzi, akapima, akauliza, akapima tena. Haydn alijibu kila swali huku jasho linamtoka na jicho liko dirishani, asije akapita mtu.

"Umefaulu, Bwana Probert," mama akasema.

"Asante. Unaweza kutokea mlango wa nyuma?"

Bi Pickering akaweka kipimo chake chini. "Samahani, naomba nikuulize. Nyie watu wa bonde hili mna nini na makaburi?"

"Kivipi?"

"Wewe ni wa tano kunisubirisha pale. Siwataji majina. Ila mmoja jirani yake alitufuma, akamwambia mimi ni shangazi yake."

Haydn akaganda. Maana mwezi uliotangulia bonde zima lilisikia kuwa Tecwyn Rosser, ambaye ukoo wake wote tunaujua hadi paka, ametembelewa na shangazi mrefu kutoka Bristol. Akaanza kucheka. Akacheka hadi akakaa kwenye ngazi, akafuta machozi kwa kofia, na Bi Pickering asijue acheke naye au amwitie daktari.

Asubuhi iliyofuata akaingia kwenye duka la vifaa vya umeme, pale mafundi wanapokutana kabla ya kazi. Akatoa kadi yake mpya, akaiweka juu ya kaunta, mbele ya watu wote.

"Shangazi yako anakusalimu, Tecwyn," Haydn akasema.

Tecwyn akawa mwekundu kama nyanya. Kisha akavua kofia, na ndani ya kofia ikatoka kadi. Mwingine akatoa ya kwake kwenye soksi. Mwingine alikuwa ameishonea ndani ya koti! Wote walikuwa nayo. Wote walikuwa wameapa, wote walikuwa wamejiunga, na kila mmoja alikuwa halali usingizi akidhani msaliti ni yeye peke yake. Wanaume wazima wakakumbatiana katikati ya taa na balbu. Mwenye duka aliniambia hakuna aliyenunua kitu siku hiyo.

Haydn akarudi nyumbani mchana anacheka. Menna akampakulia supu ya kondoo. Akala vijiko viwili tu, akakiweka kijiko chini.

"Menna," akasema, "sisi wote tumevunja, na tunacheka. Wyndham alivunja peke yake. Na hakujificha."

Nyani haoni kundule, wasikilizaji. Siku hiyo Haydn aliliona. Akaiacha supu inafuka moshi, akachukua mkoba wa vifaa, akatembea ile mitaa miwili.

Wyndham ana miaka themanini na mmoja leo. Alinisimulia akiwa ameshika kikombe kwa mikono yote miwili:

"Nilifungua mlango nikamwona. Nikasema, 'Umekosea nyumba.' Akasema, 'Kaka, nimekuja kuangalia nyaya zako.' Nikamuuliza, 'Zina nini?' Akasema, 'Sijui. Miaka ishirini sijaziona.'"

Nisimame hapo kidogo, maana vijana huenda hamjui. Miaka yote ile hakuna fundi wa bonde hili aliyekanyaga nyumba ya Wyndham. Hata mmoja. Kazi zake za umeme zilifanywa na wapita njia na wababaishaji. Haydn akafungua shawa ya umeme ya maji moto. Waya mwembamba kama wa redio, ganda lake la plastiki limeungua hadi kuwa jeusi. Waya wa ethi, ule wa kumwokoa mtu na shoti, haupo kabisa. Na hapo ndipo shemeji yake, mke wa Wyndham, alipokuwa akioga, na wajukuu Jumapili.

"Akakaa kwenye ukingo wa beseni akalia," Wyndham anasema. "Akasema, 'Ningekuua, kaka. Ningekuua kwa kununa.' Nikamwambia, 'Zima meni swichi kwanza, ndipo ulie.'"

Akaizima. Wakafunga waya mpya pamoja, kaka akishika tochi. Haydn hakumuuliza kwa nini alirudi kazini zile wiki mbili, naye Wyndham hakumwambia. Cheti cha kwanza alichotoa Haydn Probert chini ya mpango ule mpya kilikuwa cha nyumba ya kaka yake. Kikafuata cheti kingine na kingine, na kila Jumamosi wale wawili walikaa kwenye kochi moja wakitazama raga na kutukanana vizuri kabisa, hadi Jumamosi iliyopita.

Menna, pole sana, dada yangu. Umemtunza mbishi wetu miaka yote hii na hukumwaga supu kichwani mwake, Mungu akulipe. Wyndham, pole, baba. Umempoteza mdogo wako, lakini hukumpoteza mkiwa mmenuniana, na moyo wangu umetulia kwa hilo.

Ibada ni Ijumaa, kanisani juu, saa sita mchana. Wyndham atatembea mbele, nyuma tu ya jeneza. Sasa nasema na wewe ambaye hadi leo ukimwona Wyndham unavuka barabara. Unajijua, na mimi nakujua. Tafakari, kisha njoo Ijumaa umpe mkono. Haydn hawezi tena kumsalimia kaka yake. Wewe bado unaweza.